Waliomlisha Mbung'o

Mbung'o wa mwisho wa porini kisiwani Unguja alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa hakina tena mdudu huyo. Tangu hapo habari hiyo husimuliwa karibu kwa namna moja. Madume waliofugwa Tanga walipigwa mionzi wakawa tasa, wakapakiwa kwenye ndege ndogo na kuachiwa juu ya msitu wa Jozani na vichaka vingine vya kisiwa. Kazi hiyo ilianza Agosti 1994, ikaendelea hadi Desemba 1997, na jumla ya madume walioachiwa ilipita milioni 8. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akishapandwa na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Hivyo ndivyo kizazi kilivyokatika, na ng'ombe wa Unguja wakaepukana na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o.

Ni habari njema, na ni ya kweli. Lakini kuna kazi moja inayorukwa kila inaposimuliwa, na kwa maoni yangu ndiyo iliyozibeba nyingine zote. Dume hawezi kupigwa mionzi kabla hajazaliwa, na hawezi kuzaliwa kama mama yake hajashiba. Kumpiga mionzi ni shughuli ya dakika chache. Ndege nayo ilipaa na kutua kwa ratiba. Kumlisha mama yake kulianza mapema zaidi, kukaendelea juma baada ya juma kwa miaka, na hakukujua sikukuu. Kituo cha utafiti wa mbung'o cha Tanga, ambacho siku hizi kiko chini ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, kilikuwa na mafundi walioweza kumshawishi mdudu aliyezoea kujitafutia damu kwenye ngozi ya mnyama hai ashuke kwenye sahani ya kioo, anywe, ashibe, na azae. Ufundi huo ndio ninaotaka kuusifu, tena kwa utulivu, hatua kwa hatua, maana ukitajwa kwa haraka unaonekana mdogo.

Tuanze na mlaji mwenyewe. Mbu jike hunyonya damu kwa ajili ya mayai yake, lakini mbu wote, dume na jike, huishi kwa utamu wa mimea, na maabara ya mbu huweza kuwaweka hai siku nyingi kwa kipande cha pamba kilicholowekwa kwenye maji ya glukosi. Mbung'o hawekwi hai hivyo. Dume kwa jike, chakula cha maisha yake ni damu. Hata nguvu ya kuruka huipata humo: misuli ya mabawa yake huchoma prolini, asidi amino ambayo mwili wake huitengeneza kutokana na mlo wa damu. Mlishaji wa mbung'o, kwa hiyo, hana chakula cha akiba cha kumpooza mlaji wakati akitafuta kilicho bora. Ana kitu kimoja tu mkononi, na lazima kiwe sawasawa.

Uzazi wa mdudu huyu ndio unaoifanya kazi iwe nzito kupita inavyoonekana. Jike hatagi mayai. Yai moja hushuka kwenye mfuko wa uzazi, huanguliwa humohumo, na buu hukaa ndani akinyonya maziwa yanayotoka kwenye tezi maalumu ya mama. Baada ya siku tisa au kumi huzaliwa buu mmoja mnene, mwenye uzito unaokaribiana na wa mama yake. Buu huyo hatakula tena. Hujichimbia udongoni, gamba lake hukauka na kuwa jeusi, anakuwa pupa, na kwa muda wa mwezi mmoja hivi hujigeuza kuwa inzi kamili kwa kutumia akiba aliyozaliwa nayo. Macho yake, mabawa yake, mdomo wake mrefu wa kutobolea, vyote vimetoka kwenye damu iliyopita tumboni mwa mama. Anayeweka sahani ya damu leo anamlisha jike aliye mbele yake, anamlisha buu aliye ndani ya jike huyo, na anamlisha inzi atakayetoka kwenye pupa wiki nyingi baadaye.

Fikiria hesabu yake. Mbu mmoja hutaga mayai yanayofika mia au zaidi kwa mkupuo mmoja, hivyo maabara iliyopoteza nusu ya mbu wake hujaza vizimba tena baada ya kizazi kimoja au viwili. Jike wa mbung'o, akitunzwa vizuri, huzaa watoto wasiozidi kumi hivi maisha yake yote, mmoja mmoja. Asiposhiba huharibu mimba. Wiki moja ya damu mbaya huonekana kwenye daftari la koloni, yaani jamii ya mbung'o wanaofugwa, kwa miezi, na hakuna njia ya mkato ya kuifidia. Watu waliofikisha koloni la Tanga mahali pa kutoa madume kwa mamilioni walipanda ngazi hiyo kidato kwa kidato, wakijua kwamba kila buu mmoja amelipiwa kwa milo kadhaa ya mama yake.

Zamani milo hiyo ilitoka kwa wanyama hai. Katika miaka ya 1960, kwenye maabara ya Langford ya Chuo Kikuu cha Bristol nchini Uingereza, T. A. M. Nash na wenzake waliwalisha mbung'o kwenye masikio ya sungura, na mwaka 1966 wakachapisha njia hiyo. Mbung'o wao alikuwa Glossina austeni, aina ileile iliyokuwa ikiisumbua Unguja. Walipenda sungura wa masikio makubwa yanayoning'inia, kwa sababu sikio la namna hiyo lina nafasi ya kutosha kwa kizimba na ngozi yake ni nyembamba. Kwingineko walitumia mbuzi walionyolewa ubavuni. Njia hiyo ilifanya kazi, na heshima yake haipungui. Lakini sungura anayelisha inzi naye anataka majani, maji, tiba na siku za kupumzika. Ngozi inayotobolewa kila mara huvimba. Mnyama huumia, na mtu anayewajali viumbe hawezi kulipuuza hilo kwa sababu tu kazi ni ya manufaa. Koloni la mbung'o elfu chache linaweza kuishi kwa masikio ya sungura. Koloni la malaki lingehitaji zizi zima na majeraha yasiyokwisha.

Njia ya kutoka hapo ilipatikana kwa vipande. Mwaka 1969 Rachel Galun na J. Margalit walionyesha, kwa Glossina austeni huyohuyo, kwamba kinachomwambia mbung'o "hiki ni chakula, endelea kunywa" ni viambato vinavyohusiana na ATP, kemikali ya nishati iliyomo ndani ya seli za damu. Joto humfanya atoboe. Baada ya kutoboa huonja, na akikosa ladha hiyo huondoa mdomo. Mwaka 1976 Bauer na Wetzel wakachapisha habari za utando mpya wa silikoni wa kumlishia mbung'o. Mdomo wa inzi hupenya silikoni bila shida, na akiuchomoa tundu hujifunga. Utando huo huoshwa, huchomwa kwenye tanuri kuua vijidudu, kisha hutumika tena. Kuanzia hapo sungura na mbuzi wangeweza kuachwa wapumzike.

Basi damu itoke wapi? Itoke machinjioni. Na hapa ndipo ninapovutiwa zaidi, kwa sababu kazi ya lishe ya maabara inaanzia mahali ambapo hakuna mtu aliyevaa koti jeupe.

Ng'ombe akishachinjwa, damu hukingwa kwenye chombo kilichosafishwa kwa uangalifu, na fundi ana dakika chache tu kabla haijaanza kuganda. Huanza kukoroga papo hapo, kwa mwendo mmoja usiokatika. Mwanzoni hakuna kinachoonekana ila wekundu na povu. Kisha kitu fulani huanza kukokota mwiko. Nyuzi nyeupe zenye kuteleza huanza kujizungushia kwenye mti wa kukorogea, moja juu ya nyingine, zikazidi kuwa nene. Hiyo ni fibrini, protini inayoishikanisha damu inapoganda. Fundi hukoroga mpaka nyuzi zote zimenaswa, huziondoa, na kinachobaki ndooni ni damu nyepesi, nyekundu, ambayo haitaganda tena. Akianza kwa kuchelewa, mabonge yameshajitengeneza na seli zilizonaswa humo zimepotea. Akikoroga kwa fujo, seli hupasuka na damu huharibika. Mkono hujifunza kiasi chake kwa kurudia.

Kabla ya hapo kuna maswali ya kumuuliza mwenye ng'ombe. Amepitishwa joshoni lini? Alidungwa ivamektini kwa ajili ya minyoo? Alikuwa mgonjwa, akapewa antibiotiki? Maswali haya yana uzito wa uhai na kifo kwa mlaji aliye kilomita kadhaa kutoka hapo. Ivamektini iliyobaki kwenye damu huweza kumuua mbung'o. Mabaki ya dawa ya kupe nayo ni hatari. Ila antibiotiki ndiyo ninayoiona ya kutisha kuliko zote, kwa sababu madhara yake hujificha.

Damu ina protini tele na chuma tele, lakini vitamini za kundi B zilizomo ni haba. Mbung'o amelitatua tatizo hilo kwa kuishi na mshirika. Ndani ya seli maalumu za utumbo wake kuna bakteria waitwao Wigglesworthia glossinidia, waliopewa jina la Vincent Wigglesworth, mtaalamu Mwingereza wa wadudu. Bakteria hao humtengenezea vitamini asizozipata kwenye damu, na mama huwarithisha watoto wake kupitia maziwa anayowanyonyesha tumboni. Antibiotiki ikiingia pamoja na mlo, bakteria hao hufa. Jike mwenyewe haonyeshi chochote. Huja kwenye sahani, hunywa, tumbo hujaa, huruka kizimbani kama wenzake. Ila hazai. Fundi atagundua baada ya wiki kadhaa, trei za pupa zitakapokuwa tupu, na wakati huo damu yenyewe imeshakwisha kunywewa. Kwa hiyo mtu anayesimama machinjioni alfajiri na kuuliza habari za sindano ya wiki iliyopita ndiye mlinzi wa vitamini za mdudu. Sijui kazi nyingine ya lishe inayomtaka mtu afikirie mbali kiasi hicho kutoka ndooni.

Na kwa kuwa majibu ya mwenye ng'ombe hayatoshi, damu hujaribiwa. Katika taratibu zilizokomaa, kila shehena hugandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri na hupimwa bakteria. Hupitishwa pia kwenye mionzi ya gama ya kilogrei 1, kipimo kikubwa kuliko kile kinachowafanya madume kuwa tasa, ili kuua vijidudu vilivyoingia machinjioni. Kisha sehemu ndogo huyeyushwa na kupewa kundi dogo la majike wachanga, ambao hawatakunywa kitu kingine kwa karibu mwezi mzima. Mafundi huhesabu waliokufa, waliozaa, na pupa zilizopatikana, halafu hulinganisha na majike wanaokunywa damu iliyokwisha kuthibitishwa. Shehena ikishindwa, hutupwa. Muda wote huo ilikuwa imelala kwenye friza ikisubiri hukumu ya inzi hao wachache. Kipimo cha kemikali kingeweza kueleza kiasi cha protini. Kama mama atazaa, hilo mama mwenyewe ndiye anayejibu, na mafundi wana subira ya kumngoja.

Sasa ingia chumba cha kulishia. Hewa ina joto la nyuzi 24 au 25 za Selsiasi na unyevunyevu wa asilimia 75 hadi 80, hivyo shati hushikana na mgongo baada ya muda mfupi. Sahani ni kioo kilicholazwa juu ya bamba la umeme, na bamba linashika joto la nyuzi 36 au 37, karibu na joto la mwili wa mnyama. Damu iliyoyeyushwa humiminwa, ikatandazwa. Kisha utando wa silikoni hulazwa kuanzia ukingo mmoja, taratibu, huku kiganja kikisukuma hewa mbele yake. Fundi huinama, akatazama utando kwa ubavu ili mwanga umwonyeshe mapovu yaliyosalia, akayafukuza moja moja hadi ukingoni. Povu likibaki, mbung'o atakayesimama juu yake atatoboa na kukuta hewa, na huenda asijaribu tena siku hiyo. Joto likizidi kidogo damu huharibika. Likipungua kidogo, mbung'o hukaa kwenye wavu wamekunja mabawa, hawana habari kwamba wamepakuliwa.

Vizimba huwekwa upande wa wavu ukiwa chini, ukigusana na utando. Joto huwafikia. Mmoja hushuka, anatembea hatua chache, anashusha mdomo wake uliokuwa umenyooka mbele ya kichwa, anainamisha mwili mzima na kutoboa. Tumbo lake lilikuwa bapa, la rangi ya kijivujivu. Linaanza kuvimba kwa nyuma, ngozi inanyooka mpaka unaona wekundu ndani yake, na linaendelea kujaa hata unadhani litapasuka. Kwa dakika chache tu huweza kunywa damu inayouzidi uzito wake mwenyewe. Hata kabla hajachomoa mdomo, tone la maji maangavu hutokea mwisho wa tumbo, kisha jingine. Anatoa maji ya damu aliyokunywa ili mzigo upungue na aweze kuruka. Fundi aliyezoea huyatazama matone hayo kwa furaha, maana yanamweleza kwamba mlo umeingia.

Baada ya dakika kumi au kumi na tano vizimba huinuliwa na vingine kuwekwa. Majike hulishwa angalau mara tatu kwa wiki, na ratiba hupangwa ili mapumziko ya wikiendi yasigeuke njaa. Wanaofanya kazi hii hujua kizimba chenye shida kabla ya daftari kuwaambia. Kuna kizimba ambacho wengi wamebaki juu wavuni wakati wenzao wanakunywa. Kuna kilichoangusha mabuu madogo, laini, kabla ya wakati. Kuna chenye pupa nyepesi.

Pupa ndiyo cheti cha mlishaji. Kila siku hukusanywa, hupitishwa kwenye chombo kinachozitenga kwa ukubwa, na huandikwa kwa madaraja matano, A hadi E. Pupa ndogo za daraja la mwanzo zikizidi, kuna kitu kimekwenda vibaya kwenye damu wiki moja au mbili nyuma, na mtu huanza kurudi kinyumenyume: shehena ipi, siku ipi, ng'ombe yupi. Pupa kubwa hutoa inzi mwenye akiba ya mafuta ya kumvusha hadi mlo wake wa kwanza. Naupenda uandishi huu wa madaftari kuliko ripoti nyingi zilizotoka baadaye, kwa sababu ndani yake lishe si nadharia. Ni uzito uliowekwa kwenye mizani.

Ufundi wenyewe umewahi kuleta maradhi, na namna mafundi walivyoyashughulikia inanionyesha ukomavu wake. Kwenye maabara ya Seibersdorf nchini Austria, inayoendeshwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kulikuwa na koloni la Glossina pallidipes waliotoka Ethiopia. Mwaka 2002 koloni hilo lilianguka lote. Kilicholiangusha ni virusi vinavyovimbisha tezi za mate za mbung'o. Porini virusi hivyo viko, lakini ni wachache wanaougua, na hupita zaidi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kizimbani mambo yalikuwa mengine, na mtu wa pwani aliyezoea kula sinia moja na wenzake atalielewa upesi: mkono mmoja mchafu huwafikia wote. Mbung'o aliyeambukizwa hutema virusi kwenye damu anapokunywa. Kizimba kikiondolewa na kingine kuwekwa juu ya damu ileile, wageni hunywa mlo pamoja na maradhi ya waliowatangulia. Utando wa silikoni uliowaokoa sungura ulikuwa umevipa virusi njia ambayo msituni havikuwa nayo.

Adly Abd-Alla na wenzake wa Seibersdorf walifanya kazi ya miaka kulitatua hilo. Sehemu moja ya jibu ilikuwa dawa: valasaiklova, inayotibu malengelenge ya hepesi kwa binadamu, ilichanganywa kwenye damu ya mbung'o na kupunguza virusi. Sehemu ya pili, ambayo mimi naiona bora zaidi, ni ya upakuaji tu. Kundi dogo la mbung'o lilipewa damu mbichi ambayo haijaguswa na inzi mwingine, kwenye utando safi, kila mlo bila kukosa. Watoto wao wakaendelea kulishwa hivyohivyo. Kundi likakua, koloni la zamani likapungua, na kwa muda wa kutosha virusi vikashuka sana. Gharama yake ni damu nyingi zaidi na kuosha kwingi zaidi. Hakuna mashine iliyobuniwa, hakuna jeni iliyoguswa. Watu walibadilisha nani anakula kwanza na nani anakula kwenye nini, wakashikilia utaratibu huo bila kuchoka.

Mlo wa madume nao una ufundi wake. Kwanza lazima watengwe na majike, na hapo maumbile yamewasaidia mafundi: pupa zikiwekwa kwenye joto lisilobadilika, majike hutangulia kutoka kwa siku mbili hivi. Majike hupelekwa vizimbani wakawe mama. Madume hubaki kwa ajili ya safari. Lakini inzi anapotoka kwenye pupa misuli yake ya kifua haijakamilika. Hukamilika kwa milo ya kwanza ya damu. Dume anayeachiwa na njaa juu ya msitu hataweza kushindana na wa porini kumfikia jike, na mionzi yote aliyopigwa itakuwa kazi bure. Kwa hiyo hulishwa vizuri kabla ya kuachiwa, na damu yake hutiwa isometamidiamu, dawa ileile ambayo wafugaji huijua kwa kuwakinga ng'ombe na nagana. Dume tasa bado ana mdomo, na bado atauma. Akiwa na dawa hiyo mwilini, tripanosoma, vimelea vya nagana, hawapati makao ndani yake, na ng'ombe wa Unguja aliyeumwa na dume wa Tanga hakuambukizwa naye.

Nimekuwa nikiwaza kuhusu moyo unaohitajika kufanya kazi hii. Mafundi hawa walimtunza mdudu kwa uangalifu ambao wengi wetu hatuwapi mifugo yetu. Walilinda joto lake, walimpimia damu, walihuzunika pupa zake zilipokuwa nyepesi, ili watoto wake wakakomeshe ukoo wake porini. Sioni mgongano hapo. Anayetaka dume wake ashinde msituni hawezi kumlisha kwa chuki wala kwa uvivu, kwa sababu mdudu aliyelishwa vibaya huonekana mara moja asipofika alikotumwa. Majina ya wanasayansi wa mradi wa Unguja yako kwenye makala zilizochapishwa, na wanastahili. Waliokoroga damu alfajiri na kufukuza mapovu chini ya utando hutajwa kwa nadra, na ningependa siku moja wapewe angalau ukurasa mmoja wa picha na majina katika kitabu cha historia ya mifugo ya nchi hii.

Wapo walioanzia kwenye sahani na kufika mbali. John Kabayo, mwanasayansi kutoka Uganda, alichapisha na wenzake mwaka 1986 utafiti kuhusu msingi wa lishe wa uzazi wa mbung'o. Swali lao lilikuwa ni kipi hasa ndani ya damu kinachomfanya jike azae, na kama kinaweza kutengwa, kupimwa na kutengenezwa upya. Baadaye akawa mratibu wa PATTEC, kampeni ya bara zima ya kumtokomeza mbung'o, iliyotokana na uamuzi wa wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Lomé mwaka 2000. Damu iliyokaushwa ikawa unga imejaribiwa, na vyakula vilivyochanganywa maabara vimejaribiwa pia. Hata hivyo vituo vya kufuga mbung'o, kama Kaliti pembezoni mwa Addis Ababa na Bobo-Dioulasso nchini Burkina Faso, vimeendelea kutegemea damu ya machinjio. Shehena mpya ikifika, kundi dogo la majike wachanga hupewa kwanza, na wengine wote husubiri pupa zao zipimwe.